Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi: Mafunzo ya watu wenye ulemavu yasiishie ukumbini

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mkufunzi wa vijana wenye ulemavu wanaotafuta kazi. Mafunzo yanayogharamiwa leo ni ya ukumbini: kuandika wasifu, kujibu maswali ya usaili, kisha cheti. Mwajiri hatumwoni hadi siku ya usaili.

Na siku hiyo ikifika? Kijana kiziwi anaingia, jopo linamgeukia mkalimani: "Muulize kama ana uzoefu." Majibu anayo, ila hakufundishwa kuliomba jopo, kwa adabu na bila woga, lizungumze naye mwenyewe, na mkalimani akae upande wa jopo ili yeye kijana awaone wote kwa pamoja. Kueleza unachohitaji mbele ya mtu mwenye kazi mkononi ni stadi ngumu kuliko kuandika wasifu, nayo kwenye mitaala yetu haimo.

Kwa wenye ulemavu wa akili, ukumbi unasaidia kidogo mno. Kupanga bidhaa stoo kunafundishwa penye rafu: soma lebo, angalia tarehe ya kuisha muda, zinazokaribia kuisha weka mbele, mpya nyuma. Hatua moja moja, kwa picha zilizobandikwa ukutani, mkufunzi akiwa pembeni. Kijana akiimudu hatua, mkufunzi anajitoa kidogo kidogo, hadi msimamizi wa stoo anabaki naye. Kumpa mtu kazi kwanza na kumfundishia hapo hapo si jambo geni. Marekani walianza kuueneza utaratibu huu miaka ya 1980. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 27, nao unazitaka serikali ziwawezeshe watu hawa kupata uzoefu katika soko huria la ajira.

Kwa hiyo naomba fedha za mafunzo zimlipe pia mkufunzi anayemfuata kijana kazini, pamoja na mkalimani wa lugha ya alama.

Lingine halihitaji bajeti kubwa. Programu ya kusoma skrini kama NVDA ni ya bure, na wasioona tunawafundisha kuitumia. Lakini fomu ya maombi ikiwa karatasi iliyoskaniwa kama picha, programu haina maandishi ya kusoma, na mwombaji anakwama kabla hajaandika jina lake. Naomba fomu za wizara yako zirekebishwe kwanza, na wizara ipokee vijana wetu kwa mafunzo ya vitendo kabla ya kuwataka waajiri binafsi wafanye hivyo.

Naomba kuwasilisha.

Mkufunzi wa stadi za kazi