Mikoko haipandwi kwa kuhesabu miche

Mhariri,

Jumatatu ya Novemba 13, 2023 nchi nzima ilipewa likizo tupande miti. Lengo lililotangazwa lilikuwa miti milioni 100 kwa siku hiyo moja, katika safari ya kufikisha bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Sisi wa kikundi cha kitalu cha mikoko, kwenye hori moja (mkono wa bahari ulioingia nchi kavu) huku Kwale, pwani ya Kenya, tulifurahi sana. Miche yetu ilikuwa tayari, wageni walikuwa wanakuja, na kwa mara ya kwanza mtu wa bara alikuwa amekumbuka kwamba hata baharini kuna msitu.

Wageni waliingia saa nne asubuhi. Mwezi ulikuwa gizani ukingoja kuandama, na kila mtoto wa pwani anajua maana yake: bamvua, siku ambazo maji ya bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida. Saa hiyo maji yalikuwa yamekupwa kabisa, tope liko wazi hadi kwenye mkondo wa katikati, mahali ambapo siku za maji mafu huwezi kufika ila kwa mtumbwi. Mkuu wa msafara alitazama eneo lile lote akasema hapa pako wazi, hapa ndipo tupande. Mzee mmoja mvuvi akamwambia kwa adabu, "Mheshimiwa, hapo ni baharini. Maji yamekupwa tu." Hakuna aliyemjibu. Tukapanda aina moja tu, ile iitwayo mkoko, kwa mistari iliyonyooka kama mahindi, picha zikapigwa, magari yakaondoka kabla ya adhuhuri. Saa kumi jioni nilirudi ufuoni peke yangu. Hakukuwa na jani hata moja lililochungulia juu ya maji.

Mwaka mmoja baadaye tulikwenda kuhesabu. Iliyokuwa hai haikufika korja mbili, yaani miche arobaini. Mingine ilikuwa imesombwa, mingine imebaki vijiti vilivyogandwa na vile vidude vyenye magamba makali ambavyo huganda kwenye matumbo ya mitumbwi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba tulikuwa tumekanyaga na kuchimbua nyasi za bahari, mahali ambapo akina mama wa kwetu huchokoa chaza. Mahali palipokuwa na uhai wake tulipaita patupu, tukapaharibu kwa jina la kupanda.

Ninaandika kwa sababu makosa haya hayakuwa ya siku moja wala ya hori moja. Neno lenyewe linatudanganya. Tunasema "mikoko" kana kwamba ni mti mmoja, ilhali pwani ya Kenya ina miti tisa ya namna hiyo na wazee wetu waliipa kila mmoja jina lake: mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, muia, mlilana, mkomafi, mkomafi dume, kikandaa na msikundazi. Hawakuipa majina kwa kujipamba. Kila mti una kazi yake na mahali pake. Mlilana ulitoa mataruma, yaani mbavu za vyombo vya baharini, na mizizi yake inayochomoza topeni kama pembe nyepesi ilifanywa maboya ya nyavu. Mkandaa ulitoa magome ya kutengenezea ngozi. Boriti, pau na fito zilizokwenda Uarabuni kwa majahazi ziliuzwa kwa korja, na fundi aliweza kukwambia ni mti gani kwa kuugonga tu.

Mahali pa kila mti panaamuliwa na maji. Mlilana husimama mbele kabisa, mguu ndani ya bahari. Nyuma yake ndipo mkoko huweka ile mizizi yake ya magongo, kisha muia na mkandaa kadiri ardhi inavyoinuka. Huko nyuma kabisa, ambako maji hufika siku chache za bamvua kisha jua likayakausha na kuacha chumvi, miti mingi haiwezi kuishi, lakini mchu unaweza. Mkoko huzuia chumvi mizizini. Mchu huiingiza halafu huitoa kupitia majani. Lamba upande wa chini wa jani lake asubuhi utaionja. Lakini hata mlilana, mti mwenye ujasiri kuliko yote, hauoti chini ya usawa wa wastani wa bahari. Msitu huu wote unaishi kati ya usawa huo na alama ya juu ya bamvua. Huku kwetu maji ya bamvua kubwa hupanda na kushuka karibu mita 4, kwa hiyo tope linaloonekana saa nne asubuhi ya bamvua ni kubwa mno kuliko ardhi ambayo mti unaweza kuishi. Mizizi yake inapumua. Ikizama muda mrefu kupita kiasi, mti unakosa hewa. Ikifukiwa, ni hivyo hivyo: mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta tope jingi hori la Mwache na mikoko mingi ikafa imesimama, hakuna aliyeikata.

Mbona basi ni mkoko tu unaopandwa kila mahali? Sababu ni nyepesi mno. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti. Unaiona inaning'inia, ndefu na kijani, ncha chini. Ukiiokota unaichomeka topeni, na mtoto wa darasa la pili ataifanya kazi hiyo. Mbegu ya mchu ni ndogo, bapa, inaelea na kuoza upesi, inataka mtu wa kuichagua na kuilea. Anayelipa kwa mche hana subira hiyo. Nasema haya nikijua kwamba kikundi chetu kinalipwa kwa mche. Kadiri tunavyopanda pabaya, ndivyo tunavyoitwa tena kupanda palepale, na fedha zinaingia tena. Siwezi kuendelea kula fedha hizo na kunyamaza.

Sipingi kupanda. Ghuba ya Gazi, si mbali na kwetu, mikoko ilikatwa vibaya miaka ya 1970 ikawa kuni za viwandani, na sehemu nyingine hazikurudi zenyewe. Watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, walianza kupanda huko mwaka 1991, wakajaribu huu mti hapa na ule pale, wakatazama maji, wakangoja. Leo ukiingia kwenye shamba lile unatembea kivulini. Watu wa Gazi na Makongeni tangu 2013 wanauza hewa ya ukaa, yaani wanalipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na msitu wao, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wenye hekta 117, na fedha zimeleta maji ya bomba na kusaidia shule. Ila watu hutaja fedha za Gazi na kusahau ile miaka zaidi ya ishirini iliyotangulia.

Na anayedhani ni uzembe wa Wapwani peke yetu atazame Sri Lanka. Baada ya tsunami ya 2004 walipanda sehemu nyingi kwa misaada ya dunia nzima. Watafiti walipokwenda kukagua sehemu 23, tisa hazikuwa na mche hata mmoja uliobaki. Ufilipino, ambako wamepanda kwa miongo kadhaa na kwa fedha nyingi, tathmini iliyochapishwa 2008 ilionyesha kwamba kwa muda mrefu inayosalimika ni asilimia 10 hadi 20 tu, na sababu kubwa ilikuwa hii hii: mkoko uliochomekwa kwenye tope la mbele, ambako kwa asili yake hauishi.

Kwetu kuna mahali pengine nataka kupataja. Nyuma ya kijiji, barabara ya vumbi iendayo kwenye gati inakata kipande cha hori. Kalavati lililo chini yake lilikuwa limeziba miaka mingi. Ndani ya tuta maji yalituama, yakakauka, ardhi ikawa nyeupe kwa chumvi na mchu wote ukafa. Tulipapanda mara mbili, mara mbili tukapoteza. Masika ya 2024 mvua ilizoa uchafu wote na kalavati likafunguka. Bamvua lililofuata maji ya bahari yaliingia na kutoka. Hakuna aliyepeleka mche huko. Mbegu za mchu zilielea zenyewe kutoka ng'ambo, zikatua. Mwezi uliopita nilichutama pale nikaona miche imesongamana kama mchicha, na pembeni vishimo vya kaa koko na tondo wanaojiburuta juu ya tope. Vijana wawili wenye jembe wangeweza kulizibua kalavati lile kitambo, kwa gharama ndogo kuliko ile ya fulana za siku ya kupanda.

Kwa hiyo ombi langu kwa wahusika wa misitu, kaunti, mashirika na kampuni zinazotafuta mahali pa kupanda miti ni hili. Kabla hamjaagiza miche, ulizeni kwanza kwa nini mti haupo pale. Kama umekatwa na hakuna mti mama wa kutoa mbegu karibu, tupande, na tupande ule uliokuwepo. Mkoko mkubwa ukikatwa shina hauchipui tena, kwa hiyo kuna mahali ambapo kweli mkono wa mtu unahitajika. Kama maji yamezibwa, tuyafungulie. Kama haujawahi kuota pale, tupaache. Wavuvi na akina mama wa chaza wakae kwenye kikao cha kuchagua eneo, si kuitwa siku ya picha kubeba miche. Na malipo yetu sisi wa vitalu yafungwe kwenye miti iliyo hai baada ya miaka mitatu. Tutapanda michache zaidi, najua, na mwanzoni mfuko utapungua. Wanachama wenzangu tumeshalizungumza na wengi wamekubali.

Hesabu ya ile siku ya likizo nayo itolewe hadharani, kila hori na idadi yake: tulipanda mingapi, mingapi imesimama leo. Sisi yetu iliyosalimika nimeshaitaja.

Na kama kuna ofisa anayeona nimetia chumvi, tunamkaribisha bamvua lijalo. Aje saa nne asubuhi tumwonyeshe tope lile lote lilivyo wazi, aweke alama ya kijiti pale anapotaka kupanda. Kisha asiondoke. Tutampa chai na mahamri, akae nasi ufuoni mpaka saa kumi.

Mwanachama wa kikundi cha kitalu cha mikoko,
Kwale