Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI: Msingi wa darasa upewe fungu lake

Mheshimiwa Waziri,

Mwaka 2021, kwenye mpango wa fedha za UVIKO-19, madarasa 15,000 yalipangiwa shilingi milioni 20 kila moja. Kiasi kilikuwa kile kile, shule iwe kwenye mchanga wa Pwani, kwenye udongo mweusi wa Shinyanga au kwenye miteremko ya Lushoto. Tunaomba utaratibu wa bei moja usiendelee, kwa sababu bei hiyo inaamua umbo na uimara wa jengo kuliko ramani yenyewe.

Chukua safu ya madarasa matatu yenye urefu wa mita 30 kwenye mteremko wa asilimia 5. Ncha moja iko chini ya nyingine kwa mita 1.5. Upande huo unadai ukuta wa mawe na kifusi kingi, vitu ambavyo havimo kwenye makadirio ya kiwanja tambarare. Kamati ya ujenzi ikijenga msingi inavyotakiwa, fedha zinaishia kwenye boma, yaani kuta zisizo na paa. Ikibana msingi, kifusi kinamwagwa kwa mkupuo bila kushindiliwa, sakafu inatitia na ukuta wa mwisho unapasuka kuanzia kona ya dirisha.

Udongo mweusi unasumbua zaidi. Unavimba masika na kusinyaa kiangazi, hivyo msingi wa kina cha sm 60 hautulii. Udongo huo unapaswa kuchimbwa na kuondolewa, ijazwe moramu (udongo wa changarawe) kwa matabaka ya sm 15, kila tabaka likishindiliwa kabla ya linalofuata, kisha ufungwe mkanda wa zege juu ya msingi.

Kinachotuumiza zaidi ni lenta, mkanda wa zege lenye nondo unaopita juu ya milango na madirisha. Ramani inaonyesha nondo 4 za mm 12 na ringi (vyuma vinavyozifunga nondo pamoja) kila sm 20, kuzunguka jengo lote. Fedha zikipungua, nondo zinakuwa za mm 10, ringi zinawekwa kila sm 40, na pengine lenta inabaki juu ya milango na madirisha tu. Ikishapigwa plasta hakuna anayeona tofauti. Kenchi, yaani fremu zinazobeba paa, nazo zinaachana mita 2 badala ya mita 1.2, na bati la geji 28 linakuwa la geji 32, lililo jembamba zaidi. Upepo ukiingia chini ya paa lililopigiliwa misumari pekee, unaling'oa pamoja na mbao zake. Waya mnene uliochomekwa kwenye nondo za lenta kabla ya kumwaga zege, ukaja kufungwa juu ya kila kenchi, ni gharama ndogo sana ukilinganisha na kuezeka upya.

Tunaomba kila kiwanja kipimwe mteremko na kichimbwe angalau mashimo mawili ya majaribio ya mita 1.5, kwenye kona zinazokabiliana, kabla fungu halijapangwa. Fedha za msingi zitengwe peke yake na zilipwe kwa hali ya kiwanja. Za juu ya msingi zinaweza kubaki za kiwango kimoja, zikiongezwa usafiri tu, maana mfuko wa simenti haufiki Kigoma kwa bei ya Dar es Salaam. Mhandisi wa halmashauri akague mtaro wa msingi ukiwa wazi, na nondo za lenta kabla ya zege. Bila saini yake, fedha za hatua inayofuata zisitoke.

Ramani pia iseme nini kipunguzwe kwanza. Dari ya jipsamu, vigae, hata plasta ya nje pale tofali zilipofyatuliwa vizuri, vinaweza kusubiri mwaka mwingine. Lenta, vifungio vya kenchi na kina cha msingi visiguswe.

Mara nyingi kuligeuza jengo lilale sambamba na kontua (mistari ya ramani inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa) kunamaliza sehemu kubwa ya tatizo la mteremko bila kuongeza fedha. Kamati inashindwa kufanya hivyo kwa kuhofia hoja ya ukaguzi, kwa kuwa ramani ilishaletwa na mwelekeo wake. Tunaomba waraka unaoziruhusu kamati, zikishauriana na mhandisi, kuligeuza jengo kabla ya kuchimba.

Wenu katika kazi,
Wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi