Waandishi wa historia waulizwe kwa nini waliandika

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe hoja yangu kuhusu namna magazeti yetu yanavyoripoti vitabu vipya vya wasomi. Kitabu cha historia kinapozinduliwa, tunasoma jina la mgeni rasmi, tunaona picha yake akikata utepe au akiinua nakala ya kwanza, na tunaelezwa kwamba amewahimiza vijana wapende kusoma. Mwandishi mwenyewe, aliyekaa miaka katika hifadhi za nyaraka na vijijini, hupewa mistari miwili, na mara nyingi mistari hiyo ni ya kuwashukuru waliofika. Jambo ambalo msomaji angependa kulijua kwanza, yaani ni swali gani lililomkosesha mtu huyu usingizi hata akaona hana budi kuandika, halimo kabisa.

Nafundisha historia katika shule ya sekondari hapa Songea, kwa hiyo nitatoa mfano wa Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Wanafunzi wangu huingia darasani wakiwa wamekwisha kukariri sababu za vita hivyo: kodi, kilimo cha pamba cha kulazimishwa, ukatili wa maakida waliowatumikia Wajerumani, na maji ya dawa ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, yaliyoaminika kuwakinga wapiganaji na risasi. Huzitaja kwa mpangilio uleule wa kitabu cha kiada, kana kwamba zilishuka zikiwa zimepangwa hivyo. Wasichoambiwa ni kwamba kuna watu waliozitafuta, na kwamba watu hao walikuwa na sababu zao za kutafuta.

Mwaka 1968 idara ya historia ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, iliwatuma wanafunzi wake vijijini kuwahoji wazee waliovikumbuka vita au waliosimuliwa na wazazi wao. Nchi ilikuwa na miaka saba tu ya uhuru. Walimu wa idara hiyo, iliyoasisiwa na Terence Ranger, walikuwa wakipambana na vitabu vya kikoloni vilivyomwonyesha Mwafrika kama mtu anayetendewa tu mambo na wengine. Mwalimu Nyerere naye alikuwa amekwisha kuvitaja vita hivyo mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956, alipokwenda kudai uhuru wa Tanganyika. Katika hali hiyo si ajabu kwamba swali lililowatawala John Iliffe, katika makala yake ya 1967, na G. C. K. Gwassa, katika tasnifu yake ya 1973, lilikuwa hili: watu wa makabila mengi, wasio na mtawala mmoja, waliwezaje kuungana dhidi ya Wajerumani? Taifa changa lililotafuta umoja lilikuwa na haki ya kuuliza hivyo, na jibu walilolipata ndilo tunalolifundisha mpaka leo.

Waliokuja baadaye waliuliza mengine. Thaddeus Sunseri alipoandika juu ya Uzaramo alijali njaa, nguruwe mwitu walioharibu mashamba wakati wanaume wako mbali kwenye kazi za shokoa, yaani za kulazimishwa, na wanawake walioachiwa mzigo wa kulinda chakula. Mwaka 2010 James Giblin na Jamie Monson walihariri kitabu kikubwa ambamo waandishi mbalimbali wanaonyesha kuwa kila eneo, likiwamo hili letu la Ungoni, lilikuwa na ugomvi wake na hesabu zake za kuingia vitani au kukaa kando. Mwanafunzi akisoma maelezo hayo mawili bila kujua maswali yaliyoyazaa, ataona wasomi wanapingana tu, au atadhani mmoja wao anadanganya.

Ndivyo ilivyo hata kwa idadi ya waliokufa. Serikali ya Kijerumani ilitaja watu 75,000, ilhali Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, akihesabu pia watu walioangamizwa na njaa baada ya askari kuchoma mashamba na maghala. Kila mwaka yupo mwanafunzi atakayenyosha mkono aniulize aandike ipi kwenye mtihani. Ninaweza kumtajia idadi ya kuandika, lakini ninachotaka akijue ni kwamba mtawala anayetoa ripoti kwa wakubwa wake na mtafiti aliyekaa na wazee wa kusini hawahesabu kwa nia moja.

Wapo watakaosema kwamba dibaji inatosha. Dibaji nzuri ni hazina, sikatai. Walter Rodney alieleza waziwazi, katika dibaji ya kitabu chake cha 1972 juu ya Ulaya kuirudisha Afrika nyuma, kwamba aliwaandikia Waafrika wanaotaka kuelewa unyonyaji wao, wala hakukusudia kuridhisha vipimo vya wasomi wa upande wa wanyonyaji. Lakini dibaji haijibu swali la nyongeza. Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala walituachia kitabu cha historia ya Kiswahili kilichotoka mwaka 1977, wakati wote wawili walikuwa wamekwisha kufariki dunia, Mnyampala mwaka 1969 na Chiraghdin mwaka 1976. Hakuna aliyepata kuwaketisha baada ya kitabu kutoka akawauliza walikuwa wakimjibu nani. Walio hai tunao, tuwaulize sasa.

Faida yake tumekwisha kuiona. Mohamed Said alipochapisha kitabu chake kuhusu Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi wa TANU, mwaka 1998, hakuishia kuandika. Ameeleza mara nyingi, kwa Kiswahili na hadharani, kwamba aliona wazee wa Dar es Salaam waliojenga African Association na kisha TANU wameachwa nje ya historia rasmi. Wapo waliokubaliana naye na wapo waliompinga vikali, na ubishi huo umewafikia watu ambao hawajawahi kuingia maktaba ya chuo kikuu. Mimi naona hayo ni maisha mema kwa kitabu.

Kwetu Songea jambo hili si la nadharia. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapa akaomba radhi kwenye Makumbusho ya Maji Maji, mahali wanapokumbukwa mashujaa walionyongwa Februari 1906, akiwamo Songea Mbano, nduna (kiongozi wa vita) wa Wangoni. Baada ya hapo watu wazima kadhaa waliniuliza wasome kitabu gani. Vile ninavyoviamini zaidi vimeandikwa kwa Kiingereza au Kijerumani, na wajukuu wa wazee waliotoa habari zilizomo hawawezi kuvisoma. Najua vyuo huwapandisha vyeo walimu wao kwa makala za majarida ya nje, na simlaumu msomi anayelinda kazi yake. Lakini saa moja ya mazungumzo kwa Kiswahili na mwandishi wa habari haiwezi kumshinda.

Naomba basi, Mhariri, gazeti lako litenge ukurasa ambamo mwandishi wa kitabu kipya cha kitaaluma atahojiwa na mtu aliyekisoma. Aulizwe kwa nini aliandika na kwa nini wakati huu, alikuwa akibishana na nani, nani aligharimia utafiti, ni jambo gani lilimfanya abadili mawazo akiwa njiani, na kama wazee aliowahoji wamepata nakala. Ukurasa mzima ukiwa mgumu, nusu ukurasa mara moja kwa mwezi itatosha kuanzia. Shuleni kwetu tutaukata na kuubandika kwenye ubao wa matangazo, na maswali ya wanafunzi tutayaleta kwa anwani ya gazeti.

Mwalimu wa Historia,
Songea