Thomas More hakuwa mwota ndoto

Ndugu Mhariri,

Juzi barazani kwetu Isevya, mwenzetu mmoja alidai kwamba Thomas More, mwandishi na mwanasiasa wa Uingereza, alikuwa mwota ndoto tu, nami naomba nafasi nimjibu. Katika kitabu chake Utopia cha mwaka 1516, More anasimulia habari za kisiwa cha kubuni ambacho watu wake hufanya kazi saa 6 kwa siku, hawana mali binafsi, na dhahabu huitumia kutengenezea vyombo vya haja na minyororo ya watumwa. (Naam, watumwa walikuwapo, ingawa wanaokisifu kisiwa hicho hawapendi kulitaja.) Humohumo anashutumu kunyongwa kwa wezi, ilhali wakulima walikuwa wakifukuzwa mashambani ili kondoo wa matajiri wapate malisho, hiyo haikuwa ndoto, bali Uingereza ya siku zake.

Kinachonitatiza ni kwamba kisiwa chake kilivumilia dini nyingi, lakini yeye mwenyewe, alipokuwa Chansela, yaani afisa mkuu wa mfalme, kuanzia 1529 hadi 1532, aliunga mkono kuchomwa moto kwa waliohesabiwa kuwa wazushi. Hata hivyo, alipokataa kumtambua Mfalme Henry wa Nane kuwa mkuu wa Kanisa, alishika neno lake mpaka alipokatwa kichwa tarehe 6 Julai 1535.

Msomaji wako,
Isevya, Tabora