Tairi ni mchanganyiko, tusiogope neno la kiwandani

Mheshimiwa mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako. Mimi naziba pancha na kuuza tairi, na kila siku mteja ananiuliza "hii mpira orijino au wa kiwandani?" akisikia ndani kuna wa kiwandani anaondoka. Jamani, karibu kila tairi ya gari ni mchanganyiko! Mpira wa asili, ule utomvu wa mti kama wanaogema kule Muheza na Kilombero, unavutika sana, hauchaniki kirahisi na haushiki joto sana ukizunguka na mzigo, ndo maana tairi za lori zinao mwingi na za ndege ndo usiseme. Ila jua na joto vinauzeesha upesi. Ule wa kiwandani unaotokana na mafuta ghafi, hasa aina wanayoiita SBR, unavumilia kusagika na lami na unashika vizuri barabara ikilowa, kwa hiyo gari ndogo zinapewa zaidi.

Tena kuchanganya sio kama kukoroga uji, kila mpira una spidi yake ya kuiva na salfa, ile inayotiwa ili mpira ukaze, na yale masizi meusi ya kuuimarisha yanaweza kukimbilia mpira wa aina moja, hapo tairi inatoka na sehemu dhaifu hata kama vipimo vilikuwa sawa.

Kwa hiyo muulizeni muuzaji tairi ni ya kazi gani. Wiki iliyopita nimetoa tairi ya gari ndogo kwenye kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, kinachobeba mchanga, ubavu wote umechanika, na dereva alikuwa na watoto wawili mbele.

Fundi tairi, Dar es Salaam