Wisteria haitaki samadi, inataka mkasi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wenu wa safu ya bustani. Msomaji mmoja aliuliza kwa nini wisteria yake (mmea wa maua unaopanda kwa kujisokota), ambayo imeshafunika ukuta wote wa mbele, haijawahi kutoa hata ua moja. Akaambiwa aiongezee samadi na awe na subira. Subira, sawa. Samadi, sikubali.

Kazi yangu ni kupogoa, na malalamiko ya aina hiyo nayasikia kila msimu nikiwa juu ya ngazi. Wisteria ni ya jamii ya kunde. Mizizi yake hushirikiana na bakteria na kujipatia naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo ukiirundikia samadi unalisha majani tu, na maua utaendelea kuyaona kwa jirani. Kama ukuta unapata jua la kutosha na udongo si wa kutupwa, iacheni. Ukiona lazima uiwekee kitu, iwe mbolea yenye potasiamu, tena kidogo.

Kinacholeta maua ni mkasi, mara 2 kwa mwaka. Mara ya kwanza ni miezi 2 hivi baada ya maua kupukutika, wakati ile mijeledi, yaani vitawi vipya virefu vya kijani, imeanza kuchapa madirisha. Kata kila mmoja, ubakize majani 5 au 6. Mara ya pili ni katikati ya baridi, mmea ukiwa hauna jani. Vitawi vile vile ulivyovifupisha, virudishe hadi macho (vifundo vinavyochipua jani au ua) 2 au 3, yaani sentimita 8 hadi 10 kutoka kwenye tawi kuu. Kwa walioko kaskazini mwa ikweta kwenye majira ya baridi, ni Julai au Agosti, kisha Januari au Februari. Wa kusini wageuze kalenda.

Hiyo kazi ya baridi msiifanye kwa haraka. Shika kitawi ukitazame kwa karibu. Jicho la ua ni nene na la mviringo. Jicho la jani ni jembamba, limechongoka na limelala likigusana na kitawi. Ukishayatofautisha, huwezi kukata ua ukidhani ni jani. Wengi hukata mara moja tu kwa mwaka, tena kwa hasira, mpaka kwenye shina, na mmea huwajibu kwa mijeledi mingine mingi zaidi.

Kuna jambo ambalo safu yenu haikuligusa kabisa: ukuta wenyewe. Wisteria haina mizizi ya kunata ukutani. Inajisokota kwenye chochote inachokikuta, iwe bomba, kebo au ukingo wa paa, na shina lake hunenepa mwaka hadi mwaka. Nimeitwa kwenye nyumba ambako tawi lilipenyezwa nyuma ya bomba la maji ya mvua lingali changa, eti lishike vizuri. Nilipofika, bomba lilikuwa limeng'oka na skrubu zake, plasta imebanduka, na tawi limeukumbatia mpasuko. Mwenye nyumba alitaka nilitoe bila kulikata. Haiwezekani, mama, nilimwambia, na nikachukua msumeno.

Kwa hiyo tandazeni waya imara isiyoshika kutu, ya kulala, kila mstari ukiachana na mwenzake kwa sentimita 30 hadi 45, na isimame kama sentimita 5 kutoka ukutani ili hewa ipite. Matawi yafungwe mbele ya waya, kamwe yasipitishwe nyuma, na kamba iwe laini na yenye nafasi. Shina moja liende juu, matawi ya pembeni yalazwe kufuata waya. Tawi lililosimama hupeleka nguvu zake kileleni; likilazwa, macho yote njiani huamka. Ila msililaze kwa siku moja, litakwanyuka kwenye kiungo. Lifungeni kwanza kwa mshazari, baridi ikifika mlishushe. (Na ukitaka kuzungusha shina kwenye nguzo, tazama kwanza lenyewe linaelekea wapi: wisteria ya China na ile ya Japani huzunguka pande tofauti, na ukiipinga itajifungua.)

Msomaji wenu aangalie pia chini, karibu na udongo. Kama mche wake ulitokana na mbegu, anaweza kungoja miaka 10, hata 20, na hakuna mbolea ya kufupisha safari hiyo. Kama ulibebeshwa, yaani uliunganishwa juu ya shina la mmea mwingine, ataona uvimbe pale ulipoungwa, na maua yangepaswa kuonekana ndani ya miaka michache. Machipukizi yanayotoka chini ya uvimbe huo ayang'oe yote, maana ni ya mti mwingine na yatameza ule alioulipia.

Siku ikichanua, baada ya maua huja maganda yanayofanana na ya maharage. Mbegu zake ni sumu. Penye watoto, yakatwe yangali mabichi.

Namwomba mwandishi wenu asahihishe habari ya samadi toleo lijalo, kabla yule msomaji hajamwaga toroli la pili.

Wenu,
Mpogoaji, msomaji wa siku nyingi