Shukrani kwa mzee wa waya na kadibodi

Mzee wangu, jina lako sikuuliza, ndiyo maana nakushukuru hadharani.

Farasi wangu jike ana mgongo mfupi, mpana kama meza, na mabega yasiyo na mwinuko. Matandiko mawili ya Kimagharibi, yaani ya mtindo wa wachunga ng'ombe wa Marekani, niliyomnunulia yalimchubua, na la kushonewa kwa vipimo vyake lingemaliza akiba yangu. Mimi mtu wa Lamu, nimekua na punda. Nilidhani tandiko ni tandiko.

Kwenye mnada wa vifaa vilivyotumika hapa Texas uliniona nikishangaa nakshi za ngozi. Ukaniambia niligeuze tandiko, nitazame kiunzi, yaani fremu ya ndani inayolipa umbo. Kisha ukanifuata hadi zizini na matandiko yako matatu garini. Ulikunja waya laini juu ya mabega ya farasi, ukachora umbo lake kwenye kadibodi. Ukaweka kila tandiko bila blanketi, ukapitisha kiganja chini yake. La kwanza lilibana mbele. La pili liligusa mbele na nyuma tu, katikati likaning'inia kama daraja. La tatu, kuukuu, lenye ncha za nyuma za mviringo zisizogusa nyonga, likatulia.

Hukuridhika. Ulinitaka nimpande dakika 20, ukalivua, ukasoma jasho: doa kavu katikati ya unyevu huweza kuonyesha panapobanwa. Halikuwepo.

Dola 300 ulizipokea kwa mafungu matatu, bila maandishi.

Kadibodi ninayo bado. Jirani mwenye farasi mpana aje, nitampimia bure.